Jiko la kopo, sufuria ya dukani

Mwenye duka mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, ana mizani ya kidijitali ya kupimia sukari. Jioni moja ya Juni, wateja walipopungua, aliniruhusu niiazime. Nikaweka juu yake kimoja kimoja: kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu, gramu 130, kopo tupu la jodari, gramu 30, sufuria ndogo ya alumini, gramu 180, mfuniko wake, 50. Kisha nikamwomba aniteremshie lile jiko la gesi la kopo lililokaa kwenye rafu ya juu, ndani ya sanduku lake la plastiki. Mizani ikasoma kilo mbili na ushee.

"Hilo la kwenye gari, kaka," akasema. "Si la mgongoni."

Alikuwa amepoteza biashara ya shilingi 45,000 kwa sentensi mbili, na hakuonekana kujutia. Mimi na rafiki yangu, mwalimu wa sekondari, tulikuwa tunajiandaa kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae kupitia Lukozi na Rangwi, siku tatu za kupanda na kushuka Usambara. Chakula huko kipo, mama lishe wapo, na viazi wanavyolima Washambaa vinatosha kulisha nchi. Lakini saa kumi na moja alfajiri, ukungu umelala juu ya hema na vidole havifungi zipu, mama lishe bado yuko kitandani kwake. Chai ya saa hiyo utajipikia mwenyewe, kwa vyombo ulivyovibeba mwenyewe.

Tangu hapo nimefanya safari nne za namna hiyo, na kila moja imenifundisha kwa kuniunguza mahali. Msimamo wangu sasa ni huu: kinachoshika moto, tengeneza, kinachoshika chakula, nunua. Wengi hufanya kinyume. Hununua jiko la bei mbaya halafu wanachemshia maji kwenye kopo la rangi.

Nianze na kopo la maziwa, kwa sababu ndilo lililonipatia raha zaidi. Nililipata bure kwa mama muuza chai, ambaye hutupa mawili kila wiki. Ukubwa unaofaa ni lile la gramu 900, pana la kutosha kubeba sufuria ya lita moja na nusu bila kuyumba. Kazi yake ni nusu saa. Chini kabisa, kuzunguka ukuta, toboa matundu 12 kwa msumari wa inchi nne ili hewa iingie. Juu, chini kidogo ya mdomo, toboa mengine 8 makubwa zaidi ili moshi upate pa kutokea sufuria ikiwa imefunika. Ubavuni kata kidirisha cha upana wa vidole vitatu cha kulishia vijiti. Ndani, sentimita nne kutoka chini, pitisha spoku tatu za baiskeli zilizopishana, uweke juu yake kipande cha bati kilichotobolewa kama chekeche. Vijiti vikae hapo, majivu yaanguke chini, hewa ipande katikati. Hiyo chekeche ndiyo siri yenyewe. Kopo langu la kwanza halikuwa nayo, na vijiti vililala chini juu ya majivu yao vikafuka moshi kama ubani wa matanga, maji yakabaki vuguvugu.

Spoku nilizichukua kwa fundi baiskeli, shilingi 200 moja. Fundi bati alinikatia kidirisha na kulainisha kingo kwa tupa kwa shilingi 3,000, na hapo usibane matumizi: ukingo wa kopo ni wembe. Jumla jiko lilinigharimu shilingi 3,600.

Ni fundi huyohuyo aliyeniokoa na kosa la pili. Nilikuwa nimempelekea kipande cha bati jipya la paa, linang'aa vizuri, anitengenezee kizuia upepo na kiwavu cha kuchomea nyama. Alikigeuza mkononi, akakirudisha.

"Mwanangu, hili ukilitia moto linakohoza."

"Linakohoza vipi, mzee wangu?"

"Wewe. Wewe ndiye utakayekohoa."

Bati la paa limepakwa zinki. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hushikwa na homa na baridi saa chache baadaye, mtu akadhani ni malaria. Kwa hiyo bati la paa halina nafasi kwenye moto wa kupikia, na juu ya nyama ndiyo kabisa. Vivyo hivyo zile rafu za waya za friji bovu, ambazo watu huziokota kwa furaha na kuzigeuza wavu wa kuchomea: zimepakwa vitu ambavyo havikukusudiwa kuguswa na mafuta ya moto. Kopo la chakula, ambalo ni chuma chembamba kilichopakwa bati, ni salama zaidi kwa jiko, ila liwashe mara ya kwanza nje, mbali na watu, kwa saa nzima bila sufuria, rangi na utando wa ndani viungue viishe. Kopo la rangi liache lilipo.

Jiko la vijiti lina uzuri mmoja mkubwa: nishati haipo begini mwako. Vijiti vya unene wa kidole, vikavu vya kukatika kwa mlio, vipo chini ya kila mkaratusi. Konzi mbili au tatu huchemsha lita moja. Mafiga matatu nayo ni bure na hayana uzito, kwa kuwa mawe unayakuta hukohuko, lakini yanakula kuni mara mbili tatu ya hizo, maana moto wa wazi hupasha mlima mzima kabla ya kuikumbuka sufuria. (Mawe yenyewe yasitoke mtoni. Jiwe lililonywa maji hupasuka motoni, na kipande chake hakichagui pa kwenda.) Kasoro ya jiko la vijiti ni kwamba halitaki mpishi mvivu. Dakika mbili ukiangalia pembeni, limezima. Na siku ya mvua, kama hukuficha vijiti vya akiba ndani ya hema tangu jana yake, una kopo zuri lenye matundu na basi.

Kasoro nyingine ni masizi, na masizi ni gharama. Safari ya kwanza nilifunga sufuria ndani ya kanga ya mke wangu ili wali uive kwa joto lake wenyewe. Wali uliiva vizuri sana. Kanga ilirudi nyumbani na duara jeusi katikati ya maandishi, nikalipa doti mpya, shilingi 14,000, karibu mara nne ya bei ya jiko. Sasa napaka nje ya sufuria sabuni ya mche kabla ya kuiweka motoni, kama bibi zetu walivyopaka udongo na majivu, na masizi hutoka kwa maji na jani la mgomba.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya mvua, nabeba pia kopo la jodari.

Hili ni jiko la spiriti, na hakuna jiko rahisi kuliko hilo. Kopo la gramu 170 likishaliwa samaki wake, lioshe, toboa safu mbili za matundu kuzunguka ukuta wake karibu na mdomo, kama 16 kila safu. Basi. Mimina spiriti isifike matundu ya chini, washa, subiri nusu dakika ipate joto, kisha weka sufuria moja kwa moja juu ya kopo. Sufuria inaziba mdomo, mvuke wa spiriti unatafuta njia kwenye matundu, na moto unatoka pembeni kama taji. Nililitengeneza wakati ugali ukiendelea kuiva, na gharama yake ni bei ya jodari ambaye nilishamla.

Binamu yangu anayeishi Ujerumani alikuja likizo na jiko lake la spiriti la Trangia, lile la shaba ya manjano, la kampuni ya Kiswidi iliyoanza mwaka 1925. Tulilishindanisha na kopo la jodari barazani, lita moja ya maji kila mmoja, upepo umezibwa. Lake lilichemsha kwa dakika 9. Langu kwa dakika 10. Lake lina uzito wa gramu 110, langu 30. Ningeweza kujitangazia ushindi hapo, lakini mimi ni mwungwana: jiko lake lina mfuniko wenye mpira, spiriti iliyobaki inabaki ndani, nawe unaifunga na kwenda. Na lina kizibo cha kupunguzia moto, hivyo linaweza kupika uji bila kuuunguza. Langu lina mwendo mmoja tu, wa mbio, na spiriti iliyozidi haina pa kurudi, inabidi uiache iungue. Kwa mtu wa chai, kahawa na tambi, kopo linatosha. Kwa anayetaka kukaanga yai bila kulichoma, pesa ya jiko la Kiswidi si ya kupotea.

Sasa spiriti yenyewe, maana hapo nilijidanganya mwenyewe. Safari ya pili niliingia dukani mbiombio, nikachukua chupa ya spiriti ya kusafishia vidonda kwa vile ilikuwa bei nafuu. Ilikuwa ya asilimia 70. Zilizobaki 30 ni maji, na maji hayajawahi kuwaka. Kule Rangwi jioni, jiko liliwaka vizuri kwa dakika kadhaa, likaanza kusinzia, likazima huku maji ya chai yanatoa vipovu vidogo tu. Chini ya kopo kulikuwa na kidimbwi kisichoshika moto hata ukikisihi. Mwalimu alinywa chai ya vuguvugu kwa heshima, akauliza kama yale majani yalikuwa bado yanafikiria. Nunua spiriti ya kuwashia, ya asilimia 90 na kuendelea. Mimi nilipata nusu lita kwa shilingi 4,000.

Hesabu yake inakwenda hivi. Lita moja ya maji kuitoa kwenye ubaridi wa kawaida hadi kuchemka inataka kama mililita 40 za spiriti nzuri. Kwa bei hiyo ni shilingi 320. Jiko la gesi la dukani linatumia kopo la gramu 220, nililouziwa shilingi 8,000. Lita moja inakula kama gramu 15, yaani karibu shilingi 550. Gesi ni nyepesi zaidi kwa kila lita unayochemsha, hilo halina ubishi: gramu 15 dhidi ya 30 na kitu za spiriti. Lakini jiko lenyewe, hata ukiliacha sanduku lake nyumbani, linakaribia kilo moja na nusu. Ili wepesi wa gesi ufidie uzito wa jiko hilo, ningepaswa kuchemsha lita zaidi ya 70. Sisi wawili kwa siku tatu tulichemsha 11.

Wapo watakaosema kuna majiko madogo ya gesi ya kusokota juu ya mtungi, ya gramu mia moja hivi. Yapo, ni mazuri, na kwa safari ya wiki nzima ningeyachagua bila kusita. Tatizo ni mitungi yake ya kusokota. Huku Tanga sijawahi kuiona dukani, na kwenye ndege huruhusiwi kusafiri nayo. Jiko zuri lisilo na chakula chake ni pambo. Gesi ya lile kopo la bei nafuu, butani, ina udhaifu mwingine: huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri, na kabla ya hapo inakuwa dhaifu. Alfajiri za Julai Usambara hazifiki huko, ila utaona moto umenyong'onyea.

Nina onyo moja kuhusu spiriti, na nalisema kama mtu ambaye amekwisha kuunguza nyusi zake. Mchana mwali wake hauonekani. Ukidhani jiko limezima, ukaongeza spiriti kutoka kwenye chupa, moto unapanda ule mkondo kuelekea mkononi mwako. Peleka kiganja juu ya jiko kwanza, usikie kama kuna joto, kisha subiri kopo lipoe. Wala lisiwake ndani ya hema, hata kama mvua inanyesha kama imetumwa.

Sufuria ndipo ninapokataa ufundi wa nyumbani. Nimejaribu kopo la maziwa kama chombo cha kupikia: lina mshono ubavuni na kingo zinazochubua mwiko, na uji wa pili unashika chini kwa sababu chuma chembamba kinapata joto sehemu moja tu, pale mwali ulipo. Kopo la soda ndilo baya zaidi, kwa kuwa ndani limepakwa utando wa plastiki. Sufuria ya kawaida ya alumini ya lita moja na nusu, isiyo na mkono, niliinunua Soko la Mgandini kwa shilingi 6,000. Haina mkono, na huo ndio uzuri wake: hakuna cha kuungua wala cha kuning'inia nje ya begi. Kishikio cha jikoni, kile cha koleo, kina gramu 60 na unakitoa nyumbani. Chagua nyembamba inayoitika ukiigonga kwa ukucha, si ile nzito iliyotengenezwa kwa chakavu kilichoyeyushwa. Lakini isiwe nyembamba ya kubonyea kwa kidole. Nimeona moja imepinda kitako, ikawa inacheza juu ya jiko kama sahani ya santuri.

Sufuria za titani zipo, za gramu 100 na ushee, na nje ya nchi bei yake huweza kufika dola 40 na zaidi. Utakuwa umelipa shilingi laki moja hivi kupunguza gramu 80. Mimi gramu 80 nilizipunguza kwa kuacha nyumbani sabuni ya pili.

Mfuniko usiudharau. Sufuria wazi inapoteza kwa juu joto jingi unalolitia chini. Kama mfuniko wa dukani ni mzito, kata bati la debe la mafuta ya kula, kunja kingo, umemaliza. Kizuia upepo nacho ni bati la debe hilohilo, ukanda wa kimo cha shubiri moja, unaukunja kuzunguka jiko na kuacha uwazi upande wa hewa. Upepo wa Mtae, pale ambapo mlima unakatika ghafla na nyika ya Mkomazi iko chini yako, ulinifanya nitumie spiriti maradufu siku niliyousahau ukanda ule. Debe lenyewe nililinunua kwa muuza mafuta, shilingi 1,000.

Na kuna vyombo visivyo na uzito kabisa ambavyo tumevisahau kwa kuvutiwa na picha za maduka. Bua la mpapai, lililo wazi ndani, ni kipulizio kizuri kuliko cha chuma cha kuvuta kinachouzwa nje kwa dola kadhaa: unapeleka pumzi penye kaa moja tu bila kujaza majivu machoni. Kiazi kitamu ukikivumbika kwenye majivu moto wakati unakunywa chai hakidai sufuria. Samaki ndani ya jani la mgomba hadai karatasi ya alumini. Mishikaki ni spoku za baiskeli zisizopakwa zinki, kama kila mchoma mishikaki wa barazani ajuavyo, alimradi uzisugue kwa msasa na kuziunguza kwanza. Na mchele, ukiupa dakika tano za mchemko halafu ukaifunika sufuria kwa kanga (yako, si ya mtu mwingine) na sweta juu, baada ya nusu saa umeiva bila tone la spiriti. Milimani hilo lina faida ya ziada. Lushoto iko kama mita 1,400, maji yanachemka karibu nyuzi 95, na wali ulioachwa juu ya moto utakula spiriti yako huku bado una kiini kigumu.

Kabla ya kuwasha chochote, uliza. Ndani ya misitu ya hifadhi kuni haziokotwi na moto hauwashwi ovyo. Sisi tulilala kwenye viwanja vya vijiji na vya nyumba za wageni, tukawasha penye majivu ya wengine. Kilimanjaro kuni zimepigwa marufuku, wapagazi wanapikia gesi, na hata hivyo moto mkubwa wa Oktoba 2020 ulielezwa na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, siku za mwanzo kuwa ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Jiko la vijiti likidondosha kaa moja kwenye nyasi kavu, hakuna atakayeuliza lilikuwa la shilingi ngapi. Weka jiwe bapa chini yake, na maji ya kuzimia yawepo kabla ya kiberiti.

Begi langu la jikoni sasa, bila chakula, ni hivi: kopo la maziwa, kopo la jodari, sufuria na mfuniko, kishikio, ukanda wa debe, kijiko, viberiti viwili kwenye nailoni, na chupa ya spiriti. Gramu 900 pamoja na spiriti yenyewe. Nimetumia shilingi 14,600, kanga sikuihesabu.

Kopo la maziwa lilidumu usiku tisa. Wa kumi, asubuhi tulipokuwa tunakunja hema, kitako chake kilibaki kwenye jiwe na ukuta ukaja peke yake mkononi mwangu, umeliwa na kutu na moto. Spoku zilikuwa nzima, nikazichomoa nikazitia begini. Niliporudi Ngamiani mama wa chai alikuwa ameshaniwekea makopo matatu chini ya meza yake.